Kobe Niliyemtoa Majini

Naona haya kuwasimulia habari hii, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko majirani zangu wa mtaa wa Jericho, maana wao wameshaitia chumvi.

Mama Auma, mjane wa nyumba inayopakana na yangu, alikuwa anaenda Siaya kumzika mama mkwe wake, akaniachia kobe wa marehemu mumewe, aliyekaa kwenye beseni la maji. "Fundi, usimtoe tu kwa maji," akaniambia. Mimi huyu, mchongaji wa vinyago kwa miaka ishirini (nimechonga kobe hadi nikiota naota kobe), nifundishwe kobe na muuza dagaa wa omena!

Hata mwenyewe hajafika stendi, nikamnyanyua kobe mbele ya akina mama waliokuwa wakifua bombani, kobe akanitolea uvundo wakaziba pua wote, nami nikawahutubia kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuloweka mnyama wa nchi kavu kama maharagwe. Nikamtia kwenye sanduku lenye vumbi la mbao, na majani ya sukuma wiki juu. Hakula. Nikampa nyama, akaiuma, akaiachia.

"Fundi, si umrudishe tu kwa maji?" akaniuliza Mama Mutua, mmoja wa wale wafuaji.

"Anadeka huyo," nikamjibu (ningerudi nyuma vipi baada ya hotuba ile?).

Matanga yakachukua wiki tatu. Kobe hakuzimaliza.

Mama Auma aliporudi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimgeuza kobe aliyekufa mkononi palepale bombani, watu wakitazama, akanionyesha utando katikati ya vidole, gamba lililo bapa, na shingo inayojikunja kando badala ya kuingia ndani moja kwa moja kama ninavyochonga mimi.

"Huyu ni wa maji, Fundi. Nje ya maji hawezi kumeza. Baba Auma alikuwa anamlisha humo humo. Huyu ndiye pekee aliyekuwa amenibakia kati ya vitu vyake vilivyo hai."

Kisha akaniuliza kama nina kitambaa safi cha kumfungia. Nililia mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Nimeapa: mwenye kitu akinieleza kitu chake, nafunga mdomo nasikiliza. Lakini ukuta wetu ni mwembamba, na zamani kila asubuhi nilimsikia Mama Auma akimsimulia yule kobe habari za jana. Siku hizi nasikia kijiko kikigonga kikombe, basi.