Sala Niliyoikata kwa Mkasi

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikiikumbuka hushusha macho, ingawa nimekwisha kusamehewa na wote waliohusika. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu Jumapili iliyopita nilisikia vijana mmeagizwa kila mmoja atengeneze ubao wa maono: mkate picha za mambo mnayoyaomba kwa Mungu, mzibandike kwenye karatasi ngumu ya manila, mtundike ukutani mzione kila asubuhi. Wazee wenzangu wengine walinung'unika, wakasema ni mambo ya kuiga. Mimi sikunung'unika. Nilicheka kimoyomoyo, maana niliwahi kuutengeneza wa kwangu kabla haujapewa jina hilo.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule Masasi na kurudi nyumbani Mkunya kwa Mama Mkubwa Anjelina, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Yeye alikuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa mtu wa ndoto nyingi. Asubuhi palizi kwenye mikorosho, mchana kuteremka bondeni kuteka maji, jioni mazoezi ya kwaya. Katikati ya hayo yote nilikuwa najiuliza: ndiyo haya tu?

Ndipo akaja mhubiri mgeni. Alitukumbusha kwamba nabii Habakuki aliambiwa aiandike njozi kwenye vibao, akasema na sisi tuziweke njozi zetu mbele ya macho, tuziombee, tuamini. Yalikuwa maneno mazuri, na mpaka leo siyasemi vibaya. Ila mimi niliyasikia kwa sikio moja tu, lile la tamaa.

Nilikuwa na sanduku la bati la shule. Nikachukua kalenda kuukuu, nikakata nyumba ya matofali yenye madirisha ya vioo, nikakata cherehani, nikakata muuguzi mwenye kofia nyeupe. Nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, maana hiyo ndiyo ilikuwa gundi yetu, nikazibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Chini ya kila picha nikaandika neno moja: Nimepokea.

Katikati nikaacha nafasi ya mume. Na mume, mwanangu, nilikuwa nimekwisha kumchagua.

Jina lake Filipo. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi na ndiye aliyeongoza kwaya yetu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzuri, na alipoinua mkono kutuanzishia wimbo mimi nilisahau hata maneno ya wimbo wenyewe. Lakini Filipo alikuwa amechumbia, na mchumba wake alikuwa Monika, rafiki yangu niliyekua naye, niliyechota naye maji tangu ndoo zetu zikiwa makopo.

Monika alikuwa na picha moja kubwa ya kwaya, iliyopigwa siku ya kipaimara na mpiga picha wa kutoka Masasi. Filipo alikuwa amesimama katikati, mkono wake juu. Nikamwambia Monika, "Niazime ile picha nimwoneshe Mama Mkubwa." Akanipa bila kuuliza, akaniomba tu nisiikunje. Nami nikajifungia chumbani, nikachukua mkasi, nikamkata Filipo mzima mzima, pamoja na mkono wake ulioinuliwa, nikambandika katikati ya kifuniko. Nikaandika chini yake: Nimepokea. Kisha nikapiga magoti nikaomba, na niliomba kwa machozi ya kweli. Usidhani anayeomba kwa machozi siku zote anaomba vema.

Jumapili iliyofuata Padri akasoma tangazo la kwanza la ndoa ya Filipo na Monika. Sikuogopa. Nilijiambia Mungu atatenda. Wiki hiyohiyo Filipo akashikwa na malaria kali, akapelekwa hospitali, na ikasemwa kwamba huenda harusi ikasogezwa mbele. Mwanangu, nitakuambia jambo ambalo miaka mingi sikumwambia mtu. Nilipopata habari ile nilifurahi. Mtu amelala kitandani anatetemeka, na mimi nasema moyoni, Bwana ameanza kujibu.

Baada ya siku tatu Monika alikuja nyumbani. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Perpetua, nimekuja kuchukua picha," alisema. "Filipo ameanza kunywa uji, na Padri amesema tarehe ibaki ileile. Nataka picha iwepo mezani siku ya harusi, ili na mama awepo."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekiona bila kukitazama. Mama yake Monika alikuwamo kwenye picha ile, nyuma ya Filipo. Alifariki masika yaliyofuata, na hakuwa na picha nyingine duniani.

"Sijui nimeiweka wapi," nilimjibu. "Nitaitafuta."

"Itafute basi, dada. Nakuomba."

Alipoondoka nilikimbilia sanduku. Nilipomkata Filipo na mkono wake, mkasi ulikuwa umepita katikati ya uso wa yule mama. Nusu ilibaki kwenye picha, nusu ilikwenda na Filipo. Nikajaribu kuibandua ile nusu ili niiunganishe. Uji wa muhogo ukishakauka kwenye bati, haubanduki. Karatasi ikachanika, ikatoka vipandevipande vyeupe, na uso wa mama wa rafiki yangu ukapotelea kwenye kucha zangu.

Mama Mkubwa alinikuta pale sakafuni. Alikitazama kifuniko, akasoma yale maneno, akaitazama picha yenye tundu.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni maombi yangu, Mama Mkubwa."

"Maombi." Akaketi taratibu kwenye kigoda. "Mungu ulimwomba, au ulimwagiza?"

Nikaweka kiganja juu ya picha ya Filipo.

"Mtu haombi kwa mkasi, Perpetua. Nyumba omba. Cherehani omba. Huyu ni mume wa mwenzio na huyu ni mama wa mwenzio. Umemwendea Mungu ukiwa na mali ya watu mkononi, halafu unamwambia akubarikie."

"Nitamwambia picha imepotea," nilisema, nikilia.

"Njia ya mwongo ni fupi. Nawa uso. Tunakwenda sasa hivi, mchana huu huu, sote wawili."

Kutoka kwetu mpaka kwa kina Monika ni mwendo mfupi, lakini siku ile nilitamani uwe mrefu kama wa kwenda Lukuledi kwa miguu. Tulimkuta uani. Mama Mkubwa hakusema lolote zaidi ya salamu. Aliniachia mimi niseme, nami nikasema yote, hata lile la kumtamani Filipo. Monika hakupiga kelele. Aliipokea picha, akaigeuza, akaingiza kidole chake kwenye lile tundu.

"Uso wa mama uko wapi?" aliuliza.

"Umechanika."

"Habari ya Filipo ungeniambia, tungegombana, yangekwisha," alisema. "Lakini mama yangu alikukosea nini?" Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Njiani kurudi nilimwambia Mama Mkubwa kwamba sitaomba tena maishani. Alisimama.

"Huo nao ni ujinga mwingine," alisema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapiga picha huwa wanatunza negativu, ile filamu inayozaa picha. Kesho panda lori uteremke Masasi. Ukifika, ndipo uombe."

Nikateremka. Studio ya yule mpiga picha ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja cha mbele na kimoja cha giza. Mwenyewe alikuwa mzee Mwislamu, watu wakimwita Baba Zuberi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kupiga?"

Nilimweleza. Sikumficha kosa langu, kwani nilishajifunza gharama ya kuficha. Alinisikiliza akifuta lenzi kwa kitambaa, kisha akanionesha rafu yenye makopo ya maziwa ya unga, yamejaa negativu za miaka, hazina majina wala mpangilio.

"Ipo humo," alisema. "Mimi macho yangu yamechoka, siwezi kuitafuta. Wewe unayo macho. Kaa utafute."

Nilikaa siku sita. Nilikuwa nalala kwa mama mmoja tuliyesoma na bintiye, asubuhi narudi studio, nasimama dirishani nainua negativu moja moja kwenye mwanga. Kwenye negativu, mwanangu, watu weusi huwa weupe na weupe wa nguo huwa weusi, hivyo huwezi kumtambua mtu kwa haraka. Inakubidi umtazame: anavyosimama, anavyoshika mtoto, anavyofunga kilemba. Niliwaona maharusi, wazee wenye fimbo, watoto waliokufa na watoto waliokua. Siku ya pili nikaanza kuwaombea bila kukusudia. Huyu, Bwana, yu hai? Huyu alipona? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba kwa muda mrefu bila kujitaja.

Siku ya sita nikamwona mwanamke amefunga kilemba chake upande, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayesikiliza. Nilipiga kelele mpaka Baba Zuberi akamwaga chai. Akaniingiza chumba cha giza, na mbele ya macho yangu, kwenye sinia la dawa, uso wa mama yake Monika ukajitokeza polepole kwenye karatasi nyeupe. Nililia kama mtoto. Yule mzee aliendelea na kazi yake mpaka nikamaliza.

"Una subira ya macho," aliniambia wakati akiikausha picha. "Hiyo haifundishwi. Harusi ikiisha, ukipenda, rudi nikufundishe yanayofundishika."

Nilifika Mkunya Ijumaa, harusi ikiwa kesho yake. Uani kwa kina Monika wanawake walikuwa wamekaa mikekani wakichambua mchele. Mikono yao ilisimama waliponiona, maana Mkunya habari haihitaji miguu. Nikampa Monika bahasha. Aliifungua, akatazama, akakaa chini palepale. Alipitisha kidole juu ya uso wa mama yake, mara moja, mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka.

Akasogea kidogo kwenye mkeka. "Kaa," alisema. "Ungo ule pale."

Nikachambua mchele hadi ukaisha. Hatukusema mengi siku ile, na urafiki wetu ulichukua miaka kupona sawasawa. Lakini ulipona. Mtoto wake wa tatu nilimsimamia mimi ubatizo.

Nilirudi Masasi kwa Baba Zuberi. Alinifundisha kazi, na alipozeeka akaniachia kamera zake. Zaidi ya miaka thelathini nimezunguka nyanda hizi, Newala, Lukuledi, Masasi, nikipiga kipaimara, harusi na misiba, za Wakristo na za Waislamu, na sijatupa negativu ya mtu hata moja. Angalia basi, mwanangu: uuguzi sikuupata. Cherehani nilinunua, sikuipenda. Upigaji picha, kazi iliyonilisha na kunipa jina, haukuwamo kwenye kifuniko changu hata kwa bahati mbaya. Na mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mfupi, kipara kilimwanza mapema, na akiimba mbwa hubweka. Ningeikuta sura yake kwenye kalenda ningeipita. Nimeishi naye kwa furaha ambayo nisingejua kuiomba.

Kwa hiyo sikukatazi ubao wako. Kata, bandika. Mtu asiye na njozi huchoka hata kabla ya kazi. Ila kabla hujashika mkasi, nyamaza kwanza mbele za Mungu, umuulize anataka nini, maana wengi wetu humletea orodha iliyokwisha kugongwa muhuri. Usiweke humo mtu wa mwenzio wala nafasi ya mwenzio. Ukiona kwamba ombi lako haliwezi kujibiwa mpaka mwingine aumie, jua hilo si ombi, litoe. Tafuta mtu mzima anayekupenda, umwoneshe ubao wako wote bila kuficha kona. Pale utakapotamani kufunika kwa kiganja asipaone, hapo ndipo penye shida. Bandika pia majina ya watu utakaowatumikia, si vitu utakavyopokea tu. Na uache nafasi tupu, kubwa ya kutosha, umwachie Mungu aweke asichokuambia bado. Halafu ondoka ukutani uende kazini, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukikosea, na utakosea, usikimbie sala kwa aibu. Nenda mchana, useme ukweli, urekebishe unachoweza, na huko huko kwenye kurekebisha huenda ukaitiwa kazi ya maisha yako.

Bwana akupe macho ya kuona wenzio kabla ya kujiona. Akunyime kwa upendo yale yatakayokuharibu, na akupe kwa wakati wake yale ambayo hukujua kuyataja. Mikono yako isikose kazi, moyo wako usikose amani, na siku utakapokuwa mzee kama mimi uwe na la kumshukuru na la kuwasimulia wadogo zako. Amina, mwanangu. Nenda kwa baraka.