Chanjo ya Muhuri Mtupu

Mohamadi ni seremala wa Buyenzi, Burundi, na kwa miaka kumi hivi amekuwa akitengeneza masanduku ya kusafirishia mbwa kwa ndege. Majirani humtania: Mwislamu gani anapima mbwa mgongo? Yeye hujibu kwamba anapima, ananawa, anakwenda kuswali.

Mwaka jana, mwezi wa sita, aliitwa aende mtaa wa Kinindo na Lisette, mama mmoja aliyekuwa anahamia Ubelgiji na mbwa wake. Alipopitisha futi chini ya tumbo la mbwa, mbwa aligeuka akamng'ata kiganja. Damu ikatoka.

"Usiogope, papa Mohamadi," Lisette alisema. "Huyu alishachanjwa. Karne yake hii hapa."

Hiyo karne, kijitabu cha chanjo, ilikuwa na muhuri, tarehe na sahihi. Mohamadi akaamini. Alijifunga kitambaa, akamaliza kupima.

Siku ya nne Lisette alifika karakana, uso umemshuka. Ubelgiji hawampokei mbwa wa kutoka Burundi kwa karne peke yake. Wanataka damu yake ipimwe, waone kama chanjo imefanya kazi. Majibu ya damu iliyochukuliwa kabla ya hapo yalikuwa yamerudi kutoka maabara ya nje: mbwa hana kinga ya kichaa cha mbwa hata kidogo. Lisette alipombana yule aliyemchanja, akakiri. Dawa zilikuwa zimekwisha, akapiga muhuri tu.

Mohamadi aliketi juu ya mbao.

"Kwa hiyo mi nimeng'atwa na imbwa haina sindano?"

"Ndiyo, papa. Unisamehe."

Akilini Mohamadi alikuwa akimuona binamu yake wa Ruziba, aliyeng'atwa na mbwa zamani, akafa akipiga kelele kila alipoletewa maji.

Mkewe, Raihana, ndiye aliyemshika mkono mpaka kituo cha afya. Muganga Pontien alikiosha kidonda kwa maji na sabuni robo saa nzima, kisha akampiga sindano ya kwanza.

"Imbwa iko hai?"

"Iko hai."

"Muifunge, muiangalie mpaka zitimie siku kumi tangu ikuume. Ikibaki muzima, haikuwa na ugonjwa siku ile. Lakini kwa sasa usikose sindano hata moja."

Basi kila asubuhi Mohamadi alikwenda Kinindo, akasimama nje ya geti kumtazama mbwa akinywa maji. Mbwa akikohoa, moyo wake unaruka. Siku ya kumi mbwa alimaliza ugali wote, akajilaza kivulini. Mohamadi alimpigia Raihana simu. Mama wa watu akaanza kulia.

Mbwa alichanjwa upya, safari hii Lisette akiwa amesimama pale pale. Ikabidi upite mwezi mzima ndipo damu ichukuliwe tena, na miezi mitatu zaidi ndipo aruhusiwe kuingia Ulaya. Lisette alitangulia, mbwa akabaki kwa dada yake mpaka Novemba.

Masanduku Mohamadi anaendelea kuyatengeneza. Asichokielewa mpaka leo ni yule mtu wa muhuri: alimtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa, akaandika tarehe.