Petroli Imepanda, Fimbo ya Dereva Ahmadi Haisomeki Tena

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mbele ya duka moja la mjini Lindi, Ahmadi bin Pazi amesimama juu ya gurudumu la lori lake, amefungua kifuniko cha tangi na kuchomeka fimbo ndani. Anaitoa. Anaitazama. Anainusa. Kisha anairudisha na kuitoa mara ya pili, kana kwamba fimbo inaweza kubadili mawazo.

"Inasema Kiranjeranje na zaidi," anawaambia abiria, akiwaonyesha mahali ilipolowa. "Zamani ikisema hivyo, naondoka huku napiga mluzi. Leo sijui."

Abiria wanatazamana. Wawili ni wakulima waliokuja kuuza ufuta, waliobaki ni akina mama wenye vikapu. Mmoja anashuka kwenda kununua maandazi, na hakuna anayemlaumu, maana gari bado haliondoki.

Ni mwezi wa Februari, mwaka 1957. Kwa msomaji asiyewajua madereva wa pwani hii, fimbo ile si mchezo. Lori la Ahmadi ni Bedford ya jeshi, aliyoinunua mnadani miaka mitano iliyopita, mashamba ya karanga ya Nachingwea yalipokuwa yakipunguzwa. Mshale wa petroli ulikuwa umeshakufa. Ahmadi akakata mti wa mkoko, akauchonga, na kila alipomaliza safari akaurudia kwa kisu mpaka alama zikakaa sawa.

Alama ya chini kabisa ni Mchinga. Ya pili ni kivuko cha Mbwemkuru, ya tatu Kiranjeranje, ya nne Kilwa. Galoni hazimo. "Galoni za nini?" anauliza Ahmadi, mtu wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na injini. "Abiria haji akaniambia nimpeleke galoni sita."

Kwa miaka mitano fimbo haikumdanganya. Tangu Novemba, inamdanganya.

Novemba ndipo bei ilipoanza kupanda. Debe la petroli lililokuwa shilingi kumi na moja likawa kumi na mbili na nusu, kisha kumi na nne. Kiranjeranje, ambako pipa hufika kwa taabu, mwenye duka alimtajia kumi na saba asubuhi, na jioni ya siku ileile akamwambia kumi na nane. Pipa lilikuwa lilelile, na Ahmadi anaapa kwamba hata vumbi juu yake lilikuwa lilelile.

"Nikamuuliza, bwana, hii petroli imepanda bei ikiwa imekaa? Akaniambia ni mfereji wa Suezi. Kwamba kule Misri wamezamisha meli, njia imefungwa."

Ahmadi si mtu wa kuambiwa jambo akalimeza hivihivi. Alikwenda kuwauliza mabaharia bandarini petroli inatoka wapi. Wakamwambia inatoka Uajemi. Basi hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

"Waajemi wanakuja hapa kila mwaka na mazulia yao na tende zao. Hawapiti Misri! Wanashuka moja kwa moja. Sasa mfereji wa Misri umeingiaje kwenye tangi langu? Wewe ni mtu wa magazeti, hebu nieleze."

Mwandishi wa habari hizi alikohoa, akafungua daftari, akalifunga. Alisema jambo kuhusu meli kupungua duniani na kampuni kugombea zilizobaki. Ahmadi alisikiliza kwa adabu yote, halafu akasema, "Kumbe na wewe hujui." Ilikuwa vigumu kubisha.

Madereva wenye malori mapya ya dizeli wananung'unika tu na safari zinaendelea. Wenye magari ya zamani, yanayokunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni, wamebaki kubuni. Severini, rafiki yake Ahmadi anayebeba mahindi kutoka bara, huzima injini kila akikuta mteremko na kuliacha gari liteleze lenyewe. Mwezi uliopita liliteleza mpaka shambani kwa mtu, na mihogo ikalipwa.

Ahmadi alichagua njia nyingine: mafuta ya taa, ambayo ni rahisi kuliko petroli. Huwasha gari kwa petroli tupu, injini ikishapata moto humimina mchanganyiko, debe moja la mafuta ya taa kwa mawili ya petroli. Gari linakwenda. Linagonga, linatoa moshi mweupe, linachemsha maji kwenye vilima, lakini linakwenda.

Nyumbani kwake, mkewe Mastura ana maoni yake. "Taa zetu amezinywesha gari," anasema akipepeta mchele barazani. "Tunakula magharibi haijaingia, kama kuku. Mimi namwambia, pandisha nauli. Na hao wafiwa nao walipe. Mungu anisamehe, lakini petroli haijui msiba."

Hapo Mastura amegusa jambo zito. Katika njia hii, dereva hamtozi nauli mtu anayekwenda kuzika. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna dereva anayekumbuka ilianza lini. Anayekwenda msibani hupanda, huambiwa pole, basi.

Tangu nauli ya Kiranjeranje ipande kutoka shilingi tatu hadi nne na nusu, misiba imekuwa mingi ajabu. "Juzi nilibeba wafiwa kumi na tisa wa marehemu mmoja," anasema Ahmadi. "Mmoja wao alikuwa na majogoo manane ya kuuza. Nikampa pole, na majogoo nayo nikayapa pole."

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Yuko mfiwa mmoja ambaye hawezi kumtania.

Mwahija binti Kibwana ni msuka mikeka wa hapa Lindi. Mwanzoni mwa Januari, saa moja asubuhi, alipata habari kwamba mama yake amefariki Kiranjeranje, na kwamba watamngoja mpaka alasiri, si zaidi, kwa sababu ya joto. Alikimbia mpaka kwa Ahmadi. Ahmadi akachomeka fimbo, fimbo ikasema Kiranjeranje na ziada ya vidole viwili. Wakaondoka.

Lakini alama zile zilichongwa kwa petroli tupu. Gari linalokunywa mchanganyiko hunywa zaidi kwa maili ileile, na Ahmadi, aliyeijua fimbo yake kuliko anavyojua kiganja chake, hakulifikiria hilo hata mara moja, maana siku nyingine zote aliondoka tangi likiwa limejaa. Walipita Mchinga. Walivuka Mbwemkuru. Maili tisa kabla ya Kiranjeranje injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Nikachomeka fimbo. Ikatoka kavu. Nikachomeka tena. Unajua, nilikuwa nataka kubishana nayo."

Hakuna gari lililopita. Mwahija alingoja nusu saa, kisha akajifunga khanga kiunoni na kuanza kutembea. Ahmadi alibaki. Garini mlikuwa na magunia ya watu, na aliogopa kuyaacha peke yake.

Mwahija alifika alasiri imeshapita. Walikuwa wameshazika.

"Laiti angenitukana," anasema Ahmadi. "Kesho yake, nilipopata petroli, nilimkuta msibani, nikainamisha kichwa nikingoja. Akaniambia, ahsante kaka Ahmadi, umenifikisha pale ulipoweza. Basi. Tangu siku ile akinipita hunisalimu vizuri kabisa. Sijui kama amenisamehe, sijui kama amenifuta. Ningejua moja ningepumua."

Mwandishi alimtembelea Mwahija. Vidole vyake haviachi kusuka ukili wa mkeka hata anapozungumza.

"Watu wananiambia nimkasirikie," alisema. "Nimkasirikie kwa lipi? Alinibeba bure. Nikikasirikia kijiti, nitaonekana nina wazimu. Nikiwakasirikia Wamisri, siwajui, nao hawamjui mama yangu. Hasira ninayo, bwana, tena nyingi. Ila sijui niiweke wapi."

Akakata ukili kwa meno. "Mle garini niliona anaitazama ile fimbo mara mbilimbili. Nilitaka kumuuliza, tutafika kweli? Nikanyamaza. Mtu aliyebebwa bure anauliza nini?"

Leo ni arobaini ya mama yake. Hitima itasomwa Kiranjeranje baada ya adhuhuri. Hii ndiyo safari ambayo gari la Ahmadi linaisubiri, na ndiyo sababu hajaondoka ingawa jua limeshapanda na abiria wameanza kunung'unika. Jana alimwaga mchanganyiko wote. Ametia petroli tupu, kwa bei ileile asiyoielewa, na nyuma ya kiti amefunga debe moja la akiba. Hata hivyo hana uhakika, kwa kuwa injini iliyonyweshwa mafuta ya taa miezi mitatu haiwi tena ile ya zamani.

Ana mipango. Anataka kuivumilia hali hii mpaka msimu ujao wa korosho, afungue injini, abadilishe ringi za pistoni, kisha atafute mti mpya aanze kuchonga upya, polepole, safari moja baada ya nyingine. Lakini leo hayo yote yako mbali. Leo anataka mtu mmoja apande.

Saa moja na nusu Mwahija anatokea, ana kikapu cha mchele kichwani. Abiria wanampisha kiti cha mbele bila kuambiwa. Hapandi. Anatua kikapu, anafungua pindo la khanga, anatoa shilingi nne na thumuni.

Ahmadi anarudi nyuma hatua moja. "La, dada Mwahija. Unakwenda hitimani. Mimi sichukui kwako. Si leo."

"Chukua, kaka."

"Umeamua kuniadhibu?"

"Sikuadhibu. Nataka kukuuliza neno, na safari hii nataka niulize kama mtu aliyelipa nauli."

Ahmadi anazitazama zile pesa. Usoni mwake inaonekana wazi kwamba hajui kama anaheshimiwa au anatengwa. Mwishowe anafungua kiganja, anazipokea.

"Haya. Uliza."

"Tutafika?"

Watu wote wanamgeukia dereva, hata wenye ufuta.

"Nadhani tutafika," anasema Ahmadi. Ulimi unajikwaa, anaanza tena. "Injini siijui, dada. Bei siijui. Lakini gari likizima, magunia yatabaki peke yake. Tutatembea wote."

Mwahija anaokota kikapu chake, anapanda mbele.