Kilima Kilichochunguliwa

Ofisini walimbatiza Bi Funika, na jina likamganda. Kazi yake ni kutafuta chembe nzito ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mashine inagonganisha protoni kwa kasi ya kutisha. Chembe hiyo ikizaliwa inavunjika papo hapo, inaacha vipande tu. Yeye anajumlisha vipande, anachora grafu ya uzito, anaangalia kama kuna kilima, dalili kwamba vipande vingi vimetoka kwenye chembe moja. Nyumbani kwao chembe wanaiita Mzito, na mama yake huiulizia kama anaulizia mkwe: huyo Mzito anakuja lini, maana sisi tunazeeka.

Sasa kikundi chao kina mwiko. Ile sehemu ya grafu ambapo kilima kinaweza kutokea hufunikwa, hakuna anayeiona mpaka masharti yote ya kuchuja migongano yapitishwe. Ukishaona unachokitamani, mkono unaanza kukipendelea. Bi Funika alikuwa mkali hapo, hadi skrini yake kaibandika kipande cha boksi.

Lilikuwa limebaki sharti moja tu. Akaenda kuchukua chai. Kurudi, boksi liko sakafuni. Jirani yake wa meza, mtu mwenye moyo mzuri na vidole visivyotulia, alikuwa amefungua data za mwaka uliopita ili amfurahishe.

"Dada, shemeji kafika," akasema.

Kilima kilikuwa pale, kimesimama. Chai ikampoa mkononi. Jirani akamnong'oneza kwamba sharti la mwisho likilegezwa kidogo kilima kitapanda zaidi, na walioona ni wao wawili tu. Isitoshe, kikundi pinzani kinamtafuta Mzito huyohuyo; wakizubaa watajikuta wamealikwa kwenye harusi ya wenzao.

"Wawili ni wengi," Bi Funika akasema. "Mmoja wao ni mimi."

Akaenda kwa bosi, akaeleza kilichotokea. Akaomba sharti la mwisho liamuliwe na wenzake ambao hawajachungulia, data zile ziwekwe kando, na jibu litafutwe kwenye data za msimu mpya. Jirani akalalamika korido nzima kwamba wanamfukuza mgeni mlangoni. Bi Funika akamkabidhi kipande cha boksi, akamwambia akibandike upya, na safari hii atumie gundi ya maana.

Siku ya kufungua data za msimu mpya, kikundi kizima kilikusanyika mbele ya skrini. Grafu mpya ikatokea, bapa kama meza. Kile kilima cha mwanzo kilikuwa migongano ya kawaida tu, iliyorundikana kwa bahati. Jirani akainamisha kichwa kama kafiwa. Bi Funika akaitazama grafu, kisha akaandika: kama Mzito yupo, ni mzito kuliko hapa.

Jioni, bado yuko ofisini, mama akapiga simu. Akaelezwa yote.

"Kwa hiyo hakuja."

"Hakuwa yeye, mama. Namtafuta mzito zaidi."

"Mwanangu, si ulegeze masharti kidogo?"

"Hilo ndilo siwezi."

Alipokata simu, Jirani alikuwa ameshasogea kwenye skrini, boksi huku, gundi huku. Bi Funika akamwonyesha pa kubandika: kulia kabisa, kwenye uzito ambao bado hakuna aliyeugusa.