Samaki Mkavu Ndani ya Mfuko wa Serumu

Jua ndiyo kwanza linachungulia kutoka upande wa Bujumbura, na kwenye ufukwe wa Nyamianda, mjini Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, Sabine tayari ana damu ya samaki hadi viwikoni. Kisu chake kinapita mgongoni mwa sangala, samaki anafunguka, matumbo yanaangukia ndooni. Mkono wa kulia unachota konzi nzima ya chumvi ya mawe na kuisugua kwenye nyama mpaka mfupani.

"Ngoja kidogo," anasema bila kuinua uso. "Sasa hivi italia."

Na kweli, baada ya muda matone ya maji yanaanza kuchuruzika kutoka kwenye nyama. Wanawake wa ufukwe huu huita hali hiyo kulia. Samaki asiyelia vizuri ataoza kabla ya kufika sokoni, na aliyemtia chumvi atachekwa mwezi mzima.

Sabine ana miaka arobaini na saba. Hapa wanamwita Mama Providence, kwa jina la binti yake wa kwanza, na kazi hii aliianza akiwa msichana. Beseni la samaki likiuzwa vizuri humwachia faranga elfu ishirini. Ziwa likichafuka, humwachia harufu ya mikono tu.

Asubuhi hii anapiga kisu huku akitupia jicho meza ya pili kutoka kwake. Iko tupu, na beseni limepinduliwa juu chini. Ni meza ya Agnès, rafiki yake wa miaka mingi. Samaki ni tele leo, na mtia chumvi hakosi siku ya samaki tele bila sababu. Jirani mmoja anapita na kueleza: Toussaint, mume wa Agnès, anahara na kutapika tangu usiku wa manane.

Sabine anaacha sangala alipo. Ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, anatundika mfuko wa turubai begani na kuondoka mbio. Ndani ya mfuko huo mna sashe za serumu ya kunywa, yaani vipakiti vya unga wa kuchanganya na maji, kikombe, chupa ya lita moja ya maji yaliyotiwa dawa, na sangala mmoja wa chumvi, mkavu kama ubao.

Sabine ni reko, kama wanavyoitwa wajitolea wa afya wa mtaa. Mshahara hana. Msaidizi anaye, na ndiye huyo samaki.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Lakini kwenye ufukwe huu serumu huulizwa maswali mengi, na wanaouliza zaidi ni watia chumvi wenyewe. Serumu ni maji, sukari na chumvi. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameona chumvi ikinyonya maji ya samaki, utamwambiaje ampe chumvi mtu aliyekwisha kukauka?

Sabine mwenyewe aliwahi kukataa. Kolera, yaani kipindupindu, ilipomshika, miaka sita iliyopita, alikifunga kinywa mbele ya kikombe. "Nilimwambia infirmière, munataka kunikausha kama samaki?" anakumbuka, na anacheka mpaka anasimama njiani. Muuguzi huyo, Bénédicte, hakumgombeza. Alimuuliza tu samaki wa chumvi anapikwaje. Sabine alieleza kwamba analowekwa kwanza, anavimba, ndipo anapikwa. Akiwa bado anaeleza, kikombe kikawa kimefika mdomoni.

Nyumbani kwa Agnès, Toussaint amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Mvuvi huyu mwenye mabega mapana amekuwa mdogo ghafla. Macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Bado anaitika akiitwa, na bado anaweza kumeza. Sabine anamtuma jirani kutafuta pikipiki ya kumpeleka kituo cha matibabu, kisha anatoa sashe, anaikoroga kwenye lita yake ya maji na kujaza kikombe. Agnès anaweka mkono wake juu ya kikombe.

"Mama Providence, weye si mugeni kwa chumvi," anasema kwa sauti ya chini. "Maji imemwishia muntu, na unamupa tena chumvi? Sisi iko tunatia samaki chumvi juu ikauke. Minye siwezi kukausha bwana wangu na mikono yangu."

Huo si ujinga. Ni elimu ya mikono, ya miaka mingi, iliyokosa nusu moja tu.

"Minye pia nilisema vile," Sabine anamjibu. "Leo utapika nini?"

"Sangala ya chumvi. Niliiloweka jana mangaribi."

"Ilete."

Agnès anaileta sufuria huku amekunja uso, kwani si wakati wa kuzungumza mapishi. Sabine anamtoa samaki aliyelowekwa, mnene, mzito, anayedondosha maji. Kando yake anamlaza yule mkavu wa mfukoni.

"Ulitia maji na nguvu, weye?"

"Hapana. Iliingia yenyewe."

"Ilifuata nini mule?"

Agnès anaibonyeza nyama kwa kidole gumba.

"Maji inafuataka chumvi," Sabine anasema. "Chumvi ikiwa inje, maji inatoka, inaifuata inje. Chumvi ikiwa ndani, maji inaifuata ndani. Na kwa muntu, sukari njo inaiingiza. Zinaingia mbili pamoja, kama bibi na bwana kwenye mlango wa kanisa."

Mkono wa Agnès unaondoka juu ya kikombe. Sasa, kwa kuwa ameamini, ameamini kupita kiasi: anachota chumvi jikoni aongeze kidogo, serumu iwe na nguvu. Sabine anamdaka kiganja.

"Hapana, mama. Ikizidi itabaki mu tumbo, itavuta maji ya mwili inje. Hapo njo utamukausha kweli. Sashe moja, lita moja, basi. Mukono wetu sisi unapimaka chumvi ya samaki, hapana ya muntu."

Kijiko cha kwanza Toussaint anakimeza. Kikombe kikifika nusu anatapika, na Agnès anaziba uso kwa kitenge. Sabine anangoja kidogo, kisha anaanza tena, kijiko kimoja kimoja. Pikipiki inapofika, Agnès anakaa nyuma ya mumewe, chupa mkononi, na njia nzima anamnywesha; Sabine anawafuata kwa miguu.

Kituoni, Bénédicte yuleyule anamkagua, anabana ngozi ya tumbo, anaangalia ulimi. Anaagiza aendelee kunywa chini ya uangalizi. Baadaye, uani, anaeleza kile samaki wa Sabine asichoweza kueleza.

"Utumbo wetu umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana," anasema. "Utando huo si gunia la kupitisha kila kitu. Una milango, na mmoja hupitisha sukari na chumvi vikija pamoja. Vikishaingia, maji hufuata. Kolera humwaga maji ya mwili kwa nguvu, lakini mlango ule haiuharibu. Tunapita palepale."

Je, wagonjwa wanaelewa maneno hayo? Anacheka. "Wanamwelewa Sabine. Minye nilisema habari ya samaki mara moja. Yeye aliitembeza ufukwe muzima." Kisha anaongeza kwamba kama Toussaint angefika bila kunywa chochote, saa hizi wangekuwa wanatafuta mshipa wa kumwekea maji. Anasema hivyo na kumtazama Sabine kwa fahari isiyofichika.

Mchana umesogea Agnès anapotokea kwenye ua, macho mekundu, uso mpya.

"Mama Providence," anasema, "amekojoa."

Mahali pengine habari hiyo ingeonewa aibu. Hapa maana yake ni kwamba mwili umepata maji ya kutosha hata ya kutoa. Sabine anamshika rafiki yake mabega yote mawili, na wanawake hao wanalia, kisha wanacheka kwamba wanalia.

Sabine ana ndoto. Anataka kila ufukwe, kuanzia Kavimvira kushuka kusini hadi Makobola, uwe na mtia chumvi mmoja mwenye mfuko kama wake. "Bantu ba chumvi banasikilizaka muntu wa chumvi," anasema. Anafungua mfuko, anamtoa sangala mkavu na kumwekea Agnès mapajani.

Siku mbili baadaye Toussaint yuko nyumbani anakula, na meza ya pili ina samaki tena. Agnès anapasua, anasugua, anangoja walie. Mfuko wake mwenyewe wa serumu bado hajaupata, kwa hiyo sangala mkavu ananing'inia kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Mteja anamwona, anapenda unene wake, anauliza bei.

"Ile siuzishi," Agnès anajibu, na anaendelea kusugua chumvi. "Ile iko ya kazi."