Nyonga Hii Ni Yangu

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, mpakiaji wa maboksi kwenye ghala moja hapa Buffalo. Sikumwomba mtu ruhusa. Jumamosi asubuhi nilivaa suruali ya michezo na kushuka Bailey Avenue, na waumini wa kanisani kwetu walionipita na magari walipunguza mwendo kuniuliza kama kuna msiba.

Mwaka wa tatu nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Kwanza iliuma baada ya mbio tu, kisha hata nilipoinama kuinua boksi. Msimamizi wangu akasema niache mbio. Mume wangu akasema niache mbio. Hakuna aliyesema niache maboksi.

Binamu yangu anaishi Brussels na anakimbia na kikundi cha mtaani kwake. Nilipompigia simu alishangaa.

"Dada, huna osteopathi? Mtu wa kukunyoosha viungo kwa mikono? Huku kila mkimbiaji ana wake. Tunapita kwake kabla ya mashindano kama mtu anavyopita kwa kinyozi."

Nikamsimulia rafiki yangu wa Louisville, Mkongo wa Bukavu ambaye naye hukimbia. Alicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, chenye Kifaransa ndani, ambamo munganga ni daktari.

"Bon, dada, mama yangu alikuwa anatukandaka na mafuta ya mawese, na hakusomaka hata siku moja. Donc na ye alikuwa munganga?"

Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Kule pia tulikuwa na mama mmoja aliyekanda walioteguka, na tulimheshimu. Lakini nilimwona siku moja akiuvuta mkono wa msichana uliokuwa umevunjika, na mkono ule haukunyooka tena. Kwa hiyo sikuwa upande wa binamu wala wa rafiki. Nilitaka kukimbia, basi.

Nikapiga simu kliniki. Mkalimani waliyeniunganisha naye alinisikiliza, akaanza kunirudishia maneno yangu ili ahakikishe: "Unataka mganga wa mifupa."

"Sitaki mganga!" nikamkatiza. "Nataka osteopathi."

Kumbe Marekani osteopathi ni daktari kamili, anaandika dawa, hata upasuaji anaweza kufanya. Mwanamke mmoja ninayekimbia naye Jumamosi aliniambia ana daktari wa aina hiyo miaka mingi. Humpima presha tu, mgongo hajawahi kumgusa.

Wangu alikuwa mama mfupi wa makamo. Alinilaza, akanikunja goti mpaka kifuani, akabonyeza pale panapouma bila mimi kumwonyesha. Mkalimani alikuwa kwenye spika ya simu juu ya meza.

"Umeambiwa uache kukimbia?" daktari akauliza.

"Na kila mtu."

"Wewe unataka kuacha?"

Hapo sikumngoja mkalimani. Nilimjibu kwa Kiingereza changu mwenyewe kwamba sitaki, na kwamba naye akiniambia niache, nitatoka mlangoni mwake nikikimbia. Akacheka.

"Mikono yangu itakupunguzia maumivu siku mbili tatu," alisema. "Kitakachokusaidia zaidi ni mazoezi, na utayafanya wewe. Misuli ya makalio yako imelegea. Punguza mbio, usiziache. Ila mizigo mizito, wiki sita usiiguse."

Akaniandikia barua ya kazini. Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Yaani mbio unaruhusiwa, maboksi huruhusiwi?"

"Kama hujaelewa, soma tena," nikamwambia, na nikasimama pale pale mpaka aliponihamishia kwenye meza ya kubandika lebo.

Kila siku nililala ubavu kwenye sakafu ya jikoni, nikiinua mguu na kuushusha, watoto wakiniruka kwenda kwenye friji. Majani yalipoanza kuanguka nikapanda basi kwenda Columbus kwa mdogo wangu anayeishi mtaa wa Linden. Rafiki yangu akaendesha gari kutoka Louisville. Tulikuwa tumejiandikisha nusu marathoni ya huko.

Maili ya kumi nyonga iliamka. Mtu wa huduma ya kwanza akanijia mbio akiuliza kama nataka kukaa. Nikatikisa kichwa. Nilitembea mpaka kona, nikavuta pumzi, nikaanza tena polepole, mwanamke mwenye mapaja manene anayepitwa na kila mtu. Wapite. Sikuwa nimekuja kushindana nao.

Rafiki yangu alikuwa amemaliza zamani. Nilimkuta karibu na mstari wa mwisho, ameshika ndizi aliyoimenya nusu.

"Bon, umefika. Na ile nyonga?"

"Inauma."

"Donc utaacha?"

Nikamnyang'anya ndizi, nikaimaliza, kisha nikamuuliza Louisville wanakimbia lini.