Kupepeta Ndengu Kileleshwa

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa lifti kwa herufi kubwa: ni marufuku kupepeta nafaka juu ya paa. Jengo zima lilijua linamlenga nani. Wapangaji wa mtaa wetu wa Kileleshwa hununua ndengu safi dukani. Mpepetaji alikuwa mmoja tu, naye ni mama yangu.

Nilikuwa nimemleta kutoka kijijini Ukambani baada ya yeye kuvunjika nyonga. Miezi mitatu alikaa dirishani kama mgeni. Mwanamke aliyenilea kwa kelele alianza kuniomba ruhusa ya kuwasha jiko, nami niliumia. Kisha akampigia simu dada yangu aliyeolewa kijiji cha pili, akaagiza gunia la ndengu, akasisitiza zisipepetwe. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya.

Jumamosi moja nilimkuta juu ya paa, kati ya kamba za nguo, ungo mkononi, akipiga mluzi mdogo wa kuita upepo kama wanawake wa kwetu wafanyavyo. Upepo ulipokuja aliinua ungo na kumimina taratibu. Ndengu zikaanguka kwenye shuka, makapi yakaenda zake. Ulipotulia, naye alitulia.

"Umesimama hapo kama nguzo kwa nini? Shika shuka!"

Sikumbuki karipio jingine lililonifurahisha vile.

Siku hiyo hapakuwa na mawingu, na upande wa Ngong mitambo ya upepo ilikuwa ikizunguka kilimani. Akaniuliza ile inapepeta nini. Nikamwambia inatengeneza umeme. Hakushangaa hata kidogo. Shuleni kwao, alisema, palikuwa na pangaboi la chuma juu ya kisima, likivuta maji kwa upepo. Watoto walipanga foleni na vibuyu, na upepo ukikataa kuvuma hakuna aliyekunywa.

"Na kabla ya hilo pangaboi, bibi yangu alikuwa anaupigia mluzi," akasema. "Nyinyi mmeujua juzi."

Baada ya tangazo, mwenyekiti wa kamati ya jengo alinisimamisha kwenye maegesho. "Boss, hapa ni mjini, si ushago. Hiyo vumbi inaingia kwa nguo za watu. Nunulia mathe feni, apepetee ndani."

Nikafuata ushauri huo, mjinga mimi. Niliweka feni sebuleni, mama akamimina, na makapi yakaingia kwenye mapazia, kwenye chai na masikioni mwangu, ndengu zenyewe zikiyafuata.

"Upepo huu haupumziki," mama alisema akiizima. "Ule wa kweli unakupa nafasi ya kugeuza ungo."

Huenda umeme wa feni hiyo ulitoka kulekule kilimani, kwa upepo uleule aliokuwa ananyimwa. Nilikasirika hadi nikacheka.

Suala la nguo lilikuwa na haki yake, kwa hiyo niliahidi tutapanda juu wakati kamba hazina nguo. Kamati ilikataa. Ikaniletea karatasi nitie sahihi: mzazi wangu asionekane tena juu ya paa, la sivyo nihame mwisho wa mwezi. Mama aliposikia, sauti yake ilirudi kuwa ile ya dirishani.

"Nirudishe nyumbani. Tusigombane na watu kwa sababu ya ndengu."

Nyumbani hakuna mtu, na maji yako mbali kwa nyonga ile. Hapo ndipo nilipowaka. Nilimrudishia mwenyekiti karatasi yake bila sahihi, nikamwambia tunahama wote wawili, na kwamba Jumamosi zilizobaki tutapepeta zote. Tukapepeta. Majirani wawili walipanda kutazama.

Saa za chakula cha mchana nilitoka ofisini mjini kwenda kutafuta nyumba. Mawakala walinisifia lifti na kamera za usalama. Mimi niliuliza tu kama paa liko wazi. Wengine walinitazama kama mtu anayetaka kujirusha.

Mtaa wa Parklands nilienda na mama, na wakala alitutangulia kwenda jikoni. Mama alimpita na fimbo yake, moja kwa moja hadi ngazi za juu. Tulimkuta kwenye paa amefungua fundo la leso. Alitoa makapi kidogo, akainua mkono na kufumbua kiganja. Yakaruka, yakavuka ukuta, yakapotea.

"Mama, lakini hujaona kitchen," wakala akasema, akihema.

"Jikoni utamwonyesha huyu," mama akajibu, akinielekeza kwa fimbo. "Mimi nimeshahamia."